Kidevu cha Mileta

Kila asubuhi, kabla ya kondoo kutolewa zizini, Mileta alikaa mbele ya dirisha la jikoni akajinyoa ndevu. Zamani alikuwa akinyoa Jumamosi tu, kama wanaume wengine wa kijiji chao kilichokaa juu ya korongo la mto Tara, na wiki ikiwa na kazi nyingi hata hiyo Jumamosi ilimpita. Sasa alinyoa kila siku ya Mungu. Mkewe Stamena alimchemshia maji, akayaweka dirishani pamoja na taulo, kisha akatoka nje kwa sababu hakutaka kuangalia.

Mashine aliyonyolea ilikuwa zawadi ya mtoto wao, Todor, aliyeileta kutoka Ujerumani alikokwenda kufanya kazi ya barabara. Ilikuwa chuma kitupu, nzito mkononi. Kichwa chake kilikuwa na mdomo mpana, na wembe ulitokeza pande zote mbili bila kitu cha kuuzuia.

"Baba, hii huikandamizi," Todor alimwambia siku aliyompa. "Ile yako ya zamani ni kijiko. Hii ukiikandamiza itakuchuna kama mbuzi. Ishike kwa vidole viwili tu, iteremke yenyewe."

"Hii ya kuchinjia," Mileta alimjibu. "Wapelekee wa bucha."

Akaifungia kabatini na kuendelea na kijiko chake. Hakuigusa mpaka mto ulipomchukua Todor.

Ilikuwa mwisho wa Aprili, theluji ya milimani inayeyuka na mto umejaa hadi kwenye mizizi ya misonobari. Watu wa pale walivuka kwa kikapu cha mbao kilichoning'inia kwenye waya, mtu anajivuta kwa mikono yake mpaka ng'ambo. Todor alikuwa katikati gogo lilipokuja na mafuriko, likajiinua, likakipiga kikapu kwa chini. Wachungaji wawili waliona kwa macho yao. Kikapu kilipatikana kwenye mawe, mbali huko chini, kitupu. Mileta alifuata mto kijiji baada ya kijiji hadi upande wa Bosnia. Aliuliza hospitalini, aliuliza kwa mapolisi, akawauliza hata watu waliokuwa wakivua samaki. Hakuna aliyemwona Todor, si mzima wala maiti.

Kwao, nyumba ikifiwa, wanaume hawagusi wembe siku arobaini. Haihitaji tangazo. Unakutana na mtu njiani, unamtazama mashavu, unavua kofia na kumpa pole. Kwa hiyo Mileta aliporudi kutoka Bosnia, jambo la kwanza alilolifanya ni kuomba maji ya moto. Kijiko chake cha zamani hakikumfaa tena, kwa maana kilimwachia kivuli cha ndevu ikifika alasiri, na kivuli kile kingeweza kusomwa vibaya. Akafungua kabati na kuitoa ile ya Mjerumani.

Hakuwa mtu mwenye kichaa. Alimkumbuka Blagoje wa kijiji cha pili. Mtu yule alidhaniwa amekufa vitani, baba yake akafuga ndevu, padri akasoma ibada yote, na mwaka uliofuata Blagoje akaingia uani kwa miguu yake. Wanawake walimkimbia. Mama yake mwenyewe alimgusa kwa ncha ya vidole, kama mtu anayegusa sufuria la moto. Hakula vizuri tangu siku ile, hakuoa, na kabla ya theluji kuanguka alikuwa kaburini kweli. Wazee walisema mtu akishaliliwa hawezi kuishi. Mileta aliwasikia akiwa kijana, na neno hilo lilimkaa moyoni. Aliona kwamba Todor, popote alipokuwa, alining'inia kwenye kidevu cha baba yake.

Basi alinyoa, na katika kunyoa alisali. Alianza na shavu la kulia, akifuata ndevu zinakoelekea, na hapo alisema Baba Yetu. Mkono wake ulikuwa umezoea kukandamiza kwa miaka mingi, haukujua namna nyingine, na mashine ile haikumsamehe. Alipofika kwenye "mapenzi yako yatimizwe" aliyasema haraka na kwa sauti ndogo, jinsi mtu anavyopita juu ya kidonda. Kisha alijipaka povu tena, akapandisha wembe kinyume cha ndevu, kutoka kooni kwenda juu. Mpaka jua linazama alikuwa ameona tena weusi kwenye kioo. Akanyoa tena.

*

Mdogo wake, Vukosav, alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Alikaa mezani bila kuvua koti. Ndevu zake zilikuwa za majuma mawili, nyekundu kwenye mashavu na nyeupe kidevuni. Stamena aliweka chupa ya rakia, pombe yao kali ya matunda, na glasi mbili, akasimama karibu na jiko.

Mileta alimimina, akainua glasi yake na kuisogeza mbele.

"Gonga," alisema.

Vukosav aliishusha yake kidogo. Kwa marehemu hawagonganishi glasi.

"Gonga, nimesema!"

"Kaka, siwezi."

"Na hizo takataka usoni mwako ni nini? Nyembe zimeisha dukani?"

"Unajua ni nini."

"Sijui. Niambie wewe. Nani kafa kwenu? Mama mkwe wako?"

"Yule hafi. Yule atatuzika sote." Lilimtoka kwa mazoea, kwa kuwa walikuwa wakimtania yule bibi tangu harusi ya Vukosav. Hakuna aliyecheka.

"Unamzika mwanangu," Mileta alisema. "Unatembea kijijini na kidevu hicho, unamtupia mwanangu udongo mbele za watu. Nani amekupa ruhusa?"

"Nilishuka mpaka maporomoko, kaka. Nilitia mkono ndani ya yale maji. Mtu hakai mle hata akamaliza kusema Baba Yetu."

"Uliona maiti?"

"Sikuona."

"Basi nenda kanyoe."

"Wewe ndiye uache kunyoa! Hebu jitazame. Unafanana na kuku aliyetolewa kwenye maji ya moto akanyonyolewa nusu. Kijiji kizima kinakukodolea macho kidevu, hakuna anayejua kama aje kutoa pole au aje kuomba mbegu za viazi."

"Waje kuomba viazi. Viazi ninavyo."

Vukosav alimtazama Stamena. "Shemeji, na wewe huna neno?"

Stamena alichochea moto ingawa ulikuwa ukiwaka vizuri. "Mwenye nyumba ameshasema," alijibu.

Vukosav alimwaga tone la rakia sakafuni kwa ajili ya marehemu, akanywa iliyobaki kwa mkupuo mmoja, akaenda zake. Mileta alichukua kitambaa, akapiga magoti na kulifuta lile tone mpaka mbao zikakauka.

*

Mwezi Mei ulipoendelea uso wa Mileta uliharibika. Nywele zilizokatwa chini ya ngozi ziligeuka na kuotea ndani, zikaleta vipele vyenye usaha chini ya taya. Kila siku wembe ulivikata vichwa. Alijipaka jiwe la shabu, likamuunguza hadi machozi yakamtoka, na machozi yale tu ndiyo aliyojiruhusu. Kola za mashati yake zilikuwa na madoa ya damu ambayo Stamena aliyasugua kwa majivu. Tangu mto ulipojaa hakumwita tena Baba Todor, jina alilomwita tangu mtoto alipozaliwa. Alimwita "wewe". Wewe, maji yako tayari. Wewe, njoo ule.

Padri Krsto alimkuta akitengeneza uzio kando ya njia. Alikuwa mtu mnene, mfupi, mwenye ndevu zilizofika kifuani, na alishuka kwenye punda wake kwa taabu.

"Mungu akusaidie, Mileta."

"Na wewe pia, Padri. Hebu niambie, wewe una ndevu mwaka mzima. Umefiwa na nani?"

"Naomboleza dhambi zangu," Padri alijibu. "Na wala hazijafa."

Mileta karibu acheke. Padri alishika nguzo ya uzio, kama anajaribu uimara wake.

"Uliniambia nilisome jina la Todor pamoja na wasafiri," alisema. "Nalisoma. Mimi si Mungu, sijui aliko. Lakini kila Jumapili, nikiinua macho kitabuni, namwona mkeo amesimama katikati ya kanisa na mshumaa mkononi. Haujawashwa. Ibada inakwisha, anautia mfukoni mwa aproni, anaondoka nao. Umewahi kumuuliza mshumaa ule anaupeleka wapi?"

"Sijamuuliza."

"Muulize, mwanangu. Na hicho kidevu kipeleke kwa daktari."

Kanisani mwao mishumaa ya walio hai huwashwa juu, kwenye sinia la shaba, na ya waliokufa huchomekwa chini, kwenye mchanga. Mileta alilijua hilo tangu utoto wake, ila hakuwahi kulifikiria. Jioni ile alimkuta Stamena akisonga ugali wa viazi na jibini. Akamuuliza.

Stamena aliinua sufuria akaliweka pembeni. Alifungua droo ya vijiko, akasogeza kitambaa, na chini yake kulikuwa na mishumaa myembamba ya nta, yote mizima, yote imepinda kwa joto la mkono.

"Hii hapa," alisema.

"Mbona hukuiwasha?"

"Niiwashe wapi? Juu siuweki. Kila nikinyoosha mkono juu naona namdanganya Mungu usoni pake. Chini siuweki, maana wewe unanyoa. Mama amchomeke mwanawe mchangani, na baba mtu yuko pale pembeni anang'aa kama yai? Watasema nini? Kwamba nimemtaka afe?"

"Basi acha kwenda nao."

"Sikiliza wewe." Aliongea taratibu, na mikono yake ilikuwa bado na unga. "Mtoto wangu yuko gizani. Kama yu hai, yuko gizani. Kama amekufa, yuko gizani. Kuna mahali pawili pa kumwashia taa, na mimi mama yake sijamwashia hata mahali pamoja. Kilio kimenikwama hapa kooni tangu siku ile. Hakipandi, hakishuki. Chakula kinapita pembeni yake."

Mileta alitaka kumwambia habari za Blagoje, lakini Stamena alizijua. Alitazama mishumaa ile iliyopinda.

"Jumamosi ya Wafu nitakwambia uuweke wapi," alisema.

Na kwa siku zilizobaki kabla ya Jumamosi hiyo ya kuwakumbuka waliokufa, alimwomba Mungu ampe ishara. Hakuomba kitu kikubwa. Aliomba barua, au kofia, au mtu wa kupita njia aseme amesikia habari ya kijana asiyelijua jina lake, amelazwa mahali fulani. Hakuna kilichokuja. Kondoo walizaa, mvua ilinyesha, wembe uliisha makali.

*

Jumamosi ya Wafu asubuhi aliweka wembe mpya. Huo ulikuwa ukatili wa bure, kwa sababu uso ule haukuweza hata kuguswa na taulo. Povu lenyewe lilimuuma. Aliteremsha mashine shavuni na kusikia ule mkwaruzo mkavu. Akaikandamiza. Chini ya taya la kushoto wembe ulipita juu ya vipele vyote kwa pamoja, na damu ikashuka ndani ya povu, nyekundu ikawa waridi. Aliendelea. Alirudia kinyume cha ndevu, akarudia mara nyingine tena, mpaka hapakubaki mahali ambapo kidole kingeweza kukwama. Alivaa shati jeupe.

Mbele ya mlango wa kanisa wanawake walisimama na mabakuli ya ngano iliyochemshwa, kila mmoja kwa ajili ya wafu wake. Stamena hakuwa na bakuli. Alikuwa na mshumaa.

"Haya, niambie," alisema.

"Juu," Mileta alijibu.

Stamena alimtazama kidogo, kisha akampa mshumaa. "Uweke wewe."

Mileta aliingia mbele ya watu wote, akauwasha, akauchomeka kwenye sinia la shaba, katikati ya mishumaa ya walio hai. Alikwenda kusimama upande wa wanaume, karibu na ukuta. Vukosav alikuwa hapo. Siku zake arobaini zilikuwa zimetimia katikati ya wiki, lakini alikuwa bado hajanyoa.

Padri Krsto alianza kusoma majina. Alisoma wafu wa nyumba moja, kisha wa nyumba nyingine, wazee, watoto, waliokufa vitani, waliokufa kwa homa, waliokufa kitandani mwao. Kila jina liliposomwa mtu fulani alijifanyia ishara ya msalaba. Aliisoma nyumba ya Mileta: baba yake, mama yake, dada aliyekufa mchanga. La Todor hakulisoma. Akaendelea na nyumba iliyofuata.

Hapo Stamena alitoka upande wa wanawake. Hakwenda haraka. Alilifikia sinia, akautafuta mshumaa kwa macho akautambua kwa jinsi ulivyopinda, akaung'oa ungali unawaka. Nta ya moto ilimtiririkia vidoleni. Alipiga magoti, akauchomeka mchangani, akaushindilia mchanga pande zote kwa viganja, jinsi mtu anavyoshindilia mche wa kabichi. Kisha akaanza.

"Ee Todor, Todor wangu, nani alikutandikia mawe? Ee maji, mmemlaza wapi, nikamfunike? Umeondoka bila koti, mwanangu, na mama yako hana mlango wa kugonga..."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ilitoka chini kabisa, na wanawake wengine waliiitikia mara moja, kana kwamba kwa wiki zote hizo walikuwa wameshika pumzi wakimngoja. Padri alifunga kitabu.

Wanaume waligeuka wakamtazama Mileta. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Ndiyo desturi, mama akilia hutazamwa baba. Wakaona kidevu kilichonyolewa hadi ngozi ya ndani, kiko wazi mbele ya kilio cha mtoto wake, na tone la damu likishuka kwenye kola nyeupe. Mileta alisikia baridi ya kanisa ikimgusa mashavu. Hakuwahi kuwa uchi kiasi kile mbele ya watu. Alitaka kuinua kofia ajifunike, lakini kofia ilikuwa mkononi na mkono ulikataa.

Vukosav alipiga hatua moja, akasimama mbele yake na kumpa mgongo. Alikuwa na mabega mapana. Nyuma ya mabega yale Mileta aliweza kusimama mpaka mwisho, akisali Baba Yetu, na safari hii alipofika kwenye "mapenzi yako yatimizwe" hakuharakisha. Alikwama. Alilirudia lile neno moja tangu mwanzo, akakwama tena.

*

Jumapili asubuhi Stamena hakuchemsha maji, na Mileta hakuyaomba. Walikunywa kahawa bila sukari, kama inavyonywewa msibani. Baada ya hapo Vukosav alikuja na kukaa kizingitini.

"Nitaanza nawe upya," alisema, akijikuna ndevu. "Nimeshazizoea. Mke wangu anasema nafanana na mtakatifu ukutani."

"Mtakatifu wa punda, labda," Mileta alisema. "Nenda kanyoe. Umembeba siku zako zote, wakati mimi nakutukana. Hizi zilizobaki ni zangu."

"Utakuwa peke yako. Kijiji kizima kitakuwa na nyuso safi."

"Najua."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ndevu ziliota juu ya makovu, kwa mabaka, zikawasha kwenye joto la Juni hadi usingizi ukamkataa. Kijijini walimpita kwa upole na hawakumuuliza lolote, kwa kuwa walijua. Stamena alivaa nguo nyeusi. Alilia kila asubuhi kwenye uzio unaotazama korongo, na baada ya kulia alikula. Mileta alimsikia akiwa zizini. Hakuenda kusimama naye. Alijiona kama mtu aliyefika kwenye mazishi watu wakiwa wameshatawanyika.

Mnada wa mji wa Mojkovac ulipofika aliteremka kununua chumvi ya mifugo. Muuzaji alikuwa mgeni, mtu wa pwani mwenye kofia ya majani. Alikuwa akipima kwa sauti na matani, akimwambia kila mteja kwamba kondoo wake watanenepa kama mawaziri. Alipomfikia Mileta alimtazama mashavu, akaacha kupima.

"Pole sana, mzee wangu. Nani?"

Mileta alifungua mdomo. Ilimjia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, na kwamba katika siku zote hizo hakuwa amelisema jambo hilo, si kwa padri, si kwa mdogo wake, si kwa mkewe.

"Mwanangu," alisema. "Wa pekee."

Muuzaji alivua kofia yake ya majani. "Mungu amsamehe. Lini?"

Mileta alifikiria maji ya Aprili. Alimwona Stamena amepiga magoti, akishindilia mchanga.

"Jumamosi ya Wafu," alisema.

"Siku ile ile! Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Mto ulimchukua."

Yule mtu alitikisa kichwa, akaongeza koleo moja la chumvi juu ya kipimo, akalifunga gunia kwa kamba. Mileta alilipa, akalitupa begani. Njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda tupu. Chumvi ilipenya kwenye katani ya gunia ikamwingia kwenye makovu ya kidevu, ikawaka kama moto, na yeye hakubadilisha bega.